Mnyama Gani Huyu?

Tangu Jumapili jioni swali moja la Baba limenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Alikuwa akitafuna taratibu, kwa upande wa kushoto ambako meno bado yamebaki, akasema, "Nyama ni laini sana, mwanangu. Ni mnyama gani huyu?" Nikamjibu, "Ni swala, Baba." Akaitazama sahani kwa muda, akasema, "Aa." Kisha akaendelea kula.

Hakulalamika, wala hakubakiza hata kipande. Hata hivyo, ile "Aa" nimeigeuzageuza wiki nzima, na hata Jumatano, nilipokabidhiwa barua ya kuthibitishwa kazini, bado nilikuwa nikiisikia. Mtu aliyeijua nyama ya porini kwa harufu tangu ujana wake, kabla sufuria haijafunuliwa, aliila mezani kwangu asiitambue.

Kosa langu nalijua. Binamu, ambaye msimu huu hatimaye amepata kibali chake cha kuwinda, aliponiletea lile paja, nilishikwa na hofu. Niliogopa harufu, niliogopa ugumu, na zaidi ya yote niliyafikiria meno ya Baba. Kwa hiyo niliikata nusu ya paja vipande vyembamba, nikavilaza katika siki na limau usiku kucha, nikavipaka kitunguu saumu na tangawizi bila kipimo, kisha nikavichemsha mpaka vikaachana nyuzinyuzi. Siki haizami sana ndani ya nyama. Katika pande kubwa ingeishia milimita chache tu kutoka juu. Ni mimi niliyeifungulia njia kwa kisu, ikafika kila mahali, na kilichobaki kilikuwa laini kweli, lakini kikavu ulimini na kisicho na ladha yake yenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba harufu niliyokuwa nikipambana nayo haikuwa katika mnofu. Harufu kali ya nyamapori hukaa zaidi katika mafuta ya mnyama na katika damu iliyoganda kandokando ya jeraha, au hutokana na nyama iliyocheleweshwa kupozwa baada ya mnyama kuanguka. Binamu alimtoa matumbo papo hapo na kumpoza mapema. Mnofu ule, mwekundu wa kukolea kwa sababu ni wa miguu iliyokimbia maisha yake yote, ulikuwa safi kabisa, nami nikautendea kama kitu kilichooza.

Alhamisi usiku niliitoa nusu iliyobaki kwenye friza, nikaiweka katika sinia kwenye rafu ya chini ya jokofu, iyeyuke polepole bila kuvichuruzikia vyakula vingine. Jumamosi asubuhi nikanoa kisu. Sikuiosha, maana maji hurusha vijidudu vya nyama mbichi kila upande. Niliipangusa tu mpaka ikakauka. Juu yake palikuwa na ule utando mweupe unaong'aa kama fedha, ambao haulainiki hata ukichemshwa kutwa na ambao hujikunja motoni ukaikunja na nyama. Niliuingizia ncha ya kisu, nikaushika kwa vidole vya mkono wa kushoto, nikauvuta huku makali yakielekea juu kidogo, ukatoka utepe mrefu na kuacha mnofu mtupu chini yake. Mafuta nayo niliyaondoa yote. Kazi hiyo ilinichukua karibu saa nzima, na sijui lini mara ya mwisho jikoni palinipa utulivu kama ule.

Niliipaka chumvi tu, nikaikaanga pande zote mpaka ikawa ya kahawia, nikaongeza vitunguu na maji kidogo, nikafunika juu ya moto mdogo. Kipimajoto kilivuka nyuzi 71 za Selsiasi mapema, kwa hiyo ilikuwa imeshakuwa salama kuliwa, lakini paja huhitaji subira zaidi ya hapo ili kano zake ziyeyuke na kuwa ule ute unaonatanata midomoni. Niliiacha kwa muda wa saa tatu.

Baba alipokula, safari hii hakusema neno lolote. Alipomaliza alinyoosha mkono akaomba mfupa, akaugongagonga ukingoni mwa sahani ili uboho utoke, akaunyonya akiwa amefumba macho. Nilitamani kumuuliza ni mnyama gani, nikajizuia.

Ningeishia hapo nikiwa na furaha, lakini leo wifi, ambaye mimba yake imefika miezi saba, amesikia habari za ule mchuzi na anakuja kesho kuchukua bega lililobaki kwenye friza. Risasi ilipita begani. Risasi ya bunduki iliyotengenezwa kwa madini ya risasi hupasuka ndani ya mnyama na kutawanya chembe ndogo zisizoonekana wala kuhisika menoni, mbali na tundu lenyewe, na hakuna moto wa kuziondoa. Nayo madini hiyo hudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Sikumuuliza Binamu alitumia risasi za aina gani. Nimempigia mara mbili tangu mchana, hajapokea.