Sekunde mbili

Wiki tatu sasa sauti moja haijanitoka masikioni: "Nisamehe, mwanangu." Hakuwa ananiambia mimi. Alikuwa anaiambia mashine.

Tulikuwa tumekaa mezani, mimi na bibi mmoja aliyevuka miaka 80, tukijaribu msaidizi wa sauti ambaye kikundi chetu kinamtengeneza kwa ajili ya wazee wanaoishi peke yao. Kifaa kikamuuliza kama amekunywa dawa za asubuhi. Bibi akavuta kijikasha chake cha dawa, akafungua kifuniko cha siku ile, akasema, "Ile nyeupe..." Akanyamaza, anahesabu kwa kidole. Kidole hakijafika kwenye kidonge cha pili, kifaa kikamkatiza: "Samahani, sijakuelewa. Tafadhali rudia."

Alishtuka. Akafunga kijikasha, akaomba radhi. Alipoulizwa tena akajibu "ndiyo, ndiyo" kwa haraka, na kifaa kikaandika kwamba amekunywa zote. Kidonge kimoja kilikuwa bado kimo ndani.

Kosa lile lilikuwa letu, na ningeweza kulitaja kwa tarakimu. Kifaa cha aina hii hujua kwamba mtu amemaliza kusema kwa kupima kimya. Kimya kikizidi kipimo kilichowekwa, kinafunga sikio na kuanza kujibu. Sisi tulikuwa tumeweka sekunde 0.7. Kipimo hicho tulikipata kwa kujijaribu sisi kwa sisi ofisini, watu ambao hakuna hata mmoja aliyefika miaka 50. Kwa mzee, sekunde 0.7 ni muda wa kuvuta pumzi. Neno analijua, liko njiani linakuja, ila linatembea polepole kuliko zamani. Na sauti yenyewe imebadilika: ina mtetemo, ina pumzi nyingi, pengine na pengo la meno. Mifumo ya kutambua usemi imefunzwa zaidi kwa sauti za vijana na watu wa makamo, kwa hiyo mzee hukatizwa, na hata asipokatizwa husikika vibaya.

Nilidhani dawa ni kuongeza kipimo tu. Tukaweka sekunde mbili. Tatizo jipya likazuka papo hapo: bibi anasema "ndiyo", kifaa kinakaa kimya sekunde mbili nzima, yeye anadhani hakikusikia, anarudia, na jibu la kifaa linagongana na sauti yake. Ikabidi tukifundishe kusikiliza maneno pamoja na kimya. Hapa Kiswahili chenyewe kilitusaidia. Mtu akiishia kwenye "na", au "lakini", au "ile", au "kwa sababu ya", huyo hajamaliza, msubiri hata sekunde nne. Akisema "bado" au "ndiyo" akanyamaza, mjibu. Inaonekana jambo dogo, lakini mimi naliona ndiyo adabu ya kwanza ya kifaa hiki, na inaniuma kwamba hatukuanza nayo.

Tulikosea pia upande wa kusikika. Kwa kuwa kila mara alikuwa anauliza "eti?", tukapandisha sauti. Haikusaidia. Masikio yanapozeeka hupoteza kwanza sauti nyembamba, na humo ndimo zilimo konsonanti kama s, f na sh. Ukipaza, irabu zinavuma na konsonanti zinabaki zimefichika vilevile. Tulichagua sauti nzito kidogo, yenye mwendo wa taratibu, na "eti" zikapungua.

Lakini kimya kilichonifundisha zaidi kilikuwa kingine. Wiki ya pili kifaa kilimuuliza habari za dawa mara tatu asubuhi moja, naye hakujibu hata mara moja. Kikatuma ujumbe kwa binti yake: mama hajanywa dawa. Binti akapiga simu kwa wasiwasi. Nilipokwenda, bibi alinitazama moja kwa moja akaniuliza, "Hicho kinaniuliza kwa niaba ya nani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Ndipo akanieleza: kidonge kile kilichobaki ni cha presha, cha kupunguza maji mwilini. Akikinywa asubuhi, anakwenda msalani kila baada ya muda mfupi. Siku ya kutoka hukiahirisha hadi arudi. Hakusahau chochote. Ana akili zake, ana mipango yake, na hakutaka kuieleza spika iliyo juu ya kabati habari za mkojo wake.

Nimeandika hivyo kwenye daftari la kazi, neno kwa neno. Mpaka siku ile kifaa chetu kilijua majibu mawili tu, amekunywa na hajanywa, na kila "hajanywa" ilikwenda kwa binti. Sasa kuna la tatu, "baadaye", nalo halina haja ya sababu. Ujumbe wowote kwa familia unasomwa kwake kwanza, na anaweza kusema "usitume". Kuhusu saa ya kunywa kidonge kile nilimwomba azungumze na daktari wake, maana dawa nyingine zinaweza kusogezwa na nyingine hazifai, na hilo si la mashine kuamua.

Kwenye mkutano mwenzangu mmoja alipinga. Alisema tukiruhusu "usitume", siku moja kimya kitakuwa cha mtu aliyeanguka. Ana haki ya kuogopa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na waathirika wakubwa ni waliovuka miaka 60. Tukakubaliana kwamba siku ambayo hajasikika popote nyumbani kwa saa alizozipanga yeye mwenyewe, ujumbe utakwenda. Saa hizo amezitaja kwa mdomo wake.

Pendekezo jingine nililikataa kabisa: kukipa kifaa sauti ya mjukuu wake. Takanori Shibata, mhandisi wa Japani aliyeanza mwaka 1993 kazi ya Paro, roboti ya kuwaliwaza wazee na wagonjwa, alichagua umbo la mtoto wa sili, mnyama wa baharini, kwa sababu watu wengi hawajawahi kuishi na sili. Paka wa bandia hulinganishwa na paka halisi, naye hushindwa. Sasa mjukuu wa bandia alinganishwe na nani? Na siku kumbukumbu ya bibi ikififia, atamtafuta mtoto huyo vyumbani.

Leo nimekwenda tena. Kifaa kikauliza. Bibi akafungua kifuniko, akasema, "Ile nyeupe..." akanyamaza. Nilijikuta nimezuia pumzi. Kidole kikapita kidonge cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kifaa kimya.

"...nimekunywa, na ile ya manjano. Ya maji baadaye, natoka."

"Sawa. Nikukumbushe ukirudi?"

Akafikiri kidogo, akafunga kijikasha.

"Nitakwambia."