Usiku Mzima Njiani kwa Ajili ya Matumbawe

Nilipanda basi la usiku, nikakaa dirishani, na kwa saa tisa usingizi ulikuja na kukatika. Safari yote ilikuwa kwa ajili ya filamu moja. Ratiba ya tamasha iliieleza kwa mistari miwili tu: filamu ya hali halisi kuhusu matumbawe yanayokufa, dakika 90. Jambo hilo limenikaa moyoni tangu niliposoma habari za mwaka 1998, joto la bahari lilipopausha matumbawe pande nyingi za dunia na Bahari ya Hindi ikaumia vibaya. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba tukio la nne la aina hiyo limeanza.

Ukumbi ulijaa. Taa zikazimwa, bahari ikatanda mbele yetu, buluu ya kumfanya mtu atamani kujitosa. Mwanzoni nilitekwa kabisa. Kisha nikaanza kusubiri. Droni inapanda, droni inashuka, msimulizi mwenye sauti nzito anaomboleza, droni inapanda tena. Hakuna aliyetueleza tumbawe linapauka vipi, na maelezo yenyewe hayamalizi hata dakika tatu. Tumbawe ni mnyama. Ndani ya mwili wake huishi mwani mdogo mno, unaolilisha na kulitia rangi. Maji yakizidi joto la juu la kiangazi kwa nyuzi moja tu, na yakakaa hivyo wiki kadhaa, mwani hutoka. Tumbawe hubaki jeupe, lenye njaa, lakini hai. Joto likishuka mapema, laweza kupona. Huko kupona ndiko nilikotaka kukuona. Kwa filamu ile, jeupe lilikuwa maiti, basi.

Palikuwa na picha moja. Mkono wa mwanamke, kucha zimelika, unafunga kipande cha tumbawe cha ukubwa wa kidole gumba kwenye kamba chini ya maji, ili kikue kuwa tumbawe jipya. Anakaza fundo, anakisukuma kidogo kwa ncha ya kidole aone kama kinacheza, anahamia kingine. Kisha yuko juu kwenye mashua, anavua miwani ya kuzamia, anafungua mdomo aseme. Nikasogea mbele kwenye kiti. Muziki ukapanda, na droni nayo. Hakurudi tena.

Wakati wa maswali nilinyanyua mkono: yule mama alisema nini? Mwongozaji akanijibu kwa upole kwamba walimhoji karibu saa nzima, ila maneno yake yalikuwa yanaipunguzia filamu kasi.

Saa nzima! Niliondoka na hasira iliyokaribia machozi. Nyuma ya ratiba palikuwa na anwani ya watengenezaji. Kwenye basi la kurudi, kabla hatujafika nusu ya njia, niliwaandikia kuwaomba waitoe ile saa moja ya yule mama kama ilivyo, hata bila muziki.