Siku moja maishani mwangu: jezi namba 27 imerudi safi tena

Kazi yangu ni kufua. Ukitaka kuipamba, sema mimi ni msaidizi wa mtunza vifaa katika klabu moja ya Championship, daraja la pili la Uingereza, lenye timu 24 na mechi 46 za ligi kwa msimu. Mkataba hauniruhusu kuitaja klabu, kwa hiyo sitaitaja, wala kijana nitakayemsimulia. Ni winga kutoka Korea Kusini, ana miaka 21. Kwao alikuwa akianza kila wiki. Hapa anasugua benchi. Nitamwita Dogo.

Saa nitakazotaja ni za Kiswahili ila ni za huku, Jumamosi ya mechi ya nyumbani, Februari.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Naamka kabla simu haijalia. Giza totoro, vioo vya magari vimeganda. Miaka kumi na minne tangu nitoke Tanga, na mwili wangu bado haujakubali kwamba kuna watu wanaishi hivi kwa hiari yao. Chai ya tangawizi, kipande cha mkate, basi la kwanza.

Saa moja kasorobo

Nafungua chumba cha vifaa, nawasha taa na redio. Bosi wangu huja saa mbili.

Orodha ya wachezaji 20 huwa naletewa kwenye simu Ijumaa jioni, mara nyingi kabla wenyewe hawajaijua. Haina budi, lazima nijue natundika jezi za nani. Kumi na mmoja wanaoanza, tisa wa benchi, kila mtu jezi mbili, moja ya kipindi cha kwanza na moja ya cha pili. Hizo ni 40. Juu yake naweka jezi chache zisizo na namba, maana mtu akipasuka na damu ikaingia kwenye jezi, mwamuzi hamruhusu kuendelea mpaka abadilishe. Kulala na siri ya orodha si raha. Wiki tatu zilizopita Dogo hakuwemo, na asubuhi yake nilikutana naye kwenye korido, kanyoa, kabeba begi, ananichekea. Nilijifanya natafuta funguo.

Leo yumo. Wa ishirini kati ya ishirini, lakini yumo.

Mfuaji huwa hadanganywi na mtu. Beki wa kati jezi yake ina majani begani. Kipa ni viwiko. Kiungo mkabaji analeta udongo wa magotini mpaka kwenye bukta, na winga anachafuka nyonga, upande ule anaoangushiwa karibu na mstari wa chaki. Naweza kukueleza mechi nzima bila kuwa nimeiona. Jezi namba 27 inarudi na harufu ileile ya sabuni niliyoitia mimi. Wenzake huvua jezi zikageuka ndani nje, wakazitupa sakafuni pamoja na soksi zenye plasta. Yeye huigeuza ikae sawa, akaikunja, akaniletea mkononi. Mara ya kwanza nikamwambia asijisumbue, inafuliwa hata kama haikuingia uwanjani. Nilitaka kumpunguzia kazi. Uso wake ukaniambia nimeongea ovyo.

Saa tatu

Daluga. Natoa udongo wa jana kwa brashi ngumu, nakagua meno mojamoja, yaliyolegea nayakaza kwa spana.

Hapa ndipo mkosi wa Dogo ulipoanzia, kama mtu anataka kujua. Alikuja dirisha dogo la Januari mwaka jana, na masanduku mawili yaliyojaa daluga za meno mafupi ya plastiki, nzuri sana kwa uwanja mkavu. Uwanja wa mazoezi wa huku mwezi ule ni jaruba la mpunga. Siku ya kwanza akateleza mara tatu, moja ikiwa anapiga krosi, mpira ukaenda kwenye maegesho. Watu wakacheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Tukampa zenye meno marefu ya chuma. Ilimchukua zaidi ya mwezi kuziamini, na winga asiyeiamini miguu yake hawezi kumpita mtu.

Tena alikuja amechoka. Ligi ya Korea huanza mwishoni mwa Februari au Machi na kuisha karibu na Desemba. Ya huku huanza Agosti na kuisha Mei. Kwa hiyo mtu anamaliza msimu mzima kwao, anapanda ndege, anatua katikati ya msimu mwingine wenye mechi Jumamosi na Jumanne, kwenye matope, dhidi ya mabeki wa pembeni wenye mapaja kama kinu. Kocha aliyemtaka akafukuzwa kabla ya Pasaka. Aliyekuja akakuta kijana ambaye hakumchagua yeye. Mimi si mchambuzi, lakini nimekaa chumba hiki muda wa kutosha, na nimeona hilo la kocha likimaliza wachezaji wengi kuliko majeraha.

Saa sita na nusu mchana

Wachezaji wanaingia. Dogo huwa wa kwanza au wa pili.

“Shikamoo,” ananiambia, na kuinama.

“Marahaba.”

Nilimfundisha mimi, ila hakuhitaji mafunzo marefu. Nilipomweleza kwamba kwetu mdogo ndiye anayeanza kumsalimia mkubwa, na kwamba hilo neno halirudishwi vilevile, aliitikia kama mtu aliyesikia habari za kijiji cha jirani. Kwao pia mkubwa haitwi kwa jina hivihivi. Kitu unakipokea kwa mikono miwili, na kaka ana neno lake, hyung, ambalo si la kuchezea.

Sasa mpeleke mtoto wa namna hiyo uwanjani, nahodha ana miaka 33, na anatakiwa amfokee, “Nyuma yako! Achia!” Msimu uliopita alikuwa anachelewa nusu sekunde, na huku nusu sekunde ni mpira umeshapotea. Tatizo halikuwa Kiingereza, maneno aliyajua. Guus Hiddink alilikuta jambo hilohilo alipoifundisha Korea kuelekea Kombe la Dunia la 2002. Aliwaambia vijana wawaite wakubwa zao kwa majina wakiwa uwanjani, hata Hong Myung-bo, nahodha aliyekuwa anaheshimiwa kama mzee wa ukoo. Timu ilifika nusu fainali. Dogo ameshajifunza kufoka. Ila akitoka uwanjani humfuata nahodha kumwomba radhi, na nahodha hajawahi kuelewa anaombwa radhi ya nini.

Kila Mwingereza anayetaka kumtia moyo humwambia habari za Son Heung-min, Mkorea mwenzake: alivyofika Tottenham 2015, akapata tabu, akakaribia kurudi Ujerumani baada ya msimu wa kwanza, kisha 2022 akamaliza mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa mabao 23, sawa na Salah. Ni kweli yote. Lakini kijana amekulia Korea, hiyo hadithi ameila na uji. Ukimwambia ya Son unamwongezea mzigo.

Mimi nilimwuliza kuhusu Lee Dong-gook. Alicheka mpaka akakaa. Mshambuliaji yule alikuja Middlesbrough Januari 2007, akacheza ligi mechi 23 bila bao hata moja, mabao yake mawili yakawa ya vikombe, akarudi nyumbani 2008. Nyumbani akacheza hadi 2020 na kustaafu akiwa mfungaji wa mabao mengi kuliko wote katika historia ya ligi yao. Na Park Chu-young alivaa namba 9 ya Arsenal kuanzia 2011, akaingia mechi moja tu ya Ligi Kuu. Mwaka uliofuata alifunga dhidi ya Japan mjini Cardiff, Korea ikabeba shaba ya Olimpiki.

Naye nikampa wa kwetu. Samatta, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, alitua Aston Villa Januari 2020, akafunga mechi yake ya kwanza ya ligi kule Bournemouth, akafunga tena fainali ya Kombe la Ligi Wembley dhidi ya Manchester City. Siku ile ya Wembley nililia kama mtoto, na tulifungwa. Septemba yuko Uturuki kwa mkopo. Dogo alisikiliza, kisha akauliza swali moja, “Kwenu wanamchukia?” Nikamwambia kwetu ni Kapteni Diego, nani amchukie?

Saa nane na robo

Wanatoka kupasha. Nabaki naokota plasta.

Kuna jambo jingine ambalo wenzake wengi hawalijui. Mwanaume wa Korea mwenye afya njema lazima aende jeshi, karibu mwaka mmoja na nusu. Mwanamichezo anasamehewa muda huo akipata medali yoyote ya Olimpiki au dhahabu ya Michezo ya Asia. Son aliipata dhahabu 2018 huko Indonesia. Asiyesamehewa si kwamba mpira umekwisha, wanajeshi wana timu yao ligi kuu, Gimcheon Sangmu, kama sisi tulivyo na JKT Tanzania. Lakini ukishavaa gwanda, Ulaya haikusubiri. Michezo ya Asia inayofuata ni Septemba 2026, Aichi na Nagoya, Japan, na mpira wake ni wa vijana chini ya miaka 23 na wakubwa watatu. Umri anao. Kocha wa taifa anamwitaje mtu anayesugua benchi? Ndiyo maana dakika kumi zinazoonekana si kitu kwa mwingine, kwake ni miezi kumi na minane.

Saa tisa alasiri

Kipyenga. Dar es Salaam ni saa kumi na mbili jioni, Korea ni saa sita kamili usiku. Baba yake na mama yake wako macho. Wanakaa macho hata kwa mechi za Jumanne, ambazo kwao zinaanza karibu na alfajiri.

Mimi nakaa mdomoni mwa njia ya kuingilia uwanjani, na begi la jezi za akiba miguuni.

Saa kumi na dakika arobaini

Tunaongoza 1–0, dakika ya 83, tumeshabadilisha wanne. Mmoja amebaki. Winga wetu wa kushoto anashika kiuno, ulimi nje. Kocha anageuka, anasema jina la Dogo.

Sijawahi kumwona mtu akivua koti haraka namna ile. Traksuti chini, vilinda ugoko ndani ya soksi, msaidizi wa kocha anamwonyesha kwenye tableti asimame wapi wakati wa kona. Mwamuzi wa akiba anaandika 27 kwenye kibao. Naiona kwa mgongo, namba niliyoipasia mwenyewe asubuhi. Jukwaa la mkabala kuna wasichana wawili wa Kikorea, sura nazijua sasa, na bendera na boksi lililoandikwa kwa kalamu nene. Wanasimama.

Mpira hautoki. Sekunde arobaini, hamsini, unazunguka tu katikati. Na ulipotoka, ulitoka kwa sababu beki wetu wa kati alikaa chini ameshika nyuma ya paja.

Kocha hakuwa na namna, na ningekuwa mimi ningefanya vilevile. Beki wa akiba akaitwa. Kibao kikafutwa, 27 ikawa 5. Dogo akarudi benchi, akavaa koti, akafunga zipu mpaka kidevuni, kisha akainama kukaza kamba za daluga ambazo hazikuwa zimelegea.

Saa kumi na moja jioni

Tumeshinda. Watu wanatoka wakiimba, taa za uwanja bado zinawaka, shakwe wameshuka kuokota chipsi majukwaani. Wanaobaki ni wale wanne ambao hawakuingia, akiwemo kipa wa akiba. Mwalimu wa mazoezi ya viungo ana kipyenga chake: eneo la penalti hadi eneo la penalti, rudi, pumzika sekunde ishirini, tena. Ni mbio za kufidia dakika ambazo hukucheza. Hakuna anayeangalia isipokuwa wafagiaji na wale wasichana wawili. Dogo anakimbia kila duru kama kuna beki anamfukuza. Duru ya nane kipa ameacha, mwingine anatembea. Alipomaliza alienda mpaka kwenye uzio, akainama, akasaini lile boksi.

Saa kumi na mbili kasorobo

Naweka nguo kwenye mafungu: zenye damu maji baridi kwanza, zenye majani zilowekwe, nyingine mashineni. Dogo anasukuma mlango kwa bega, simu sikioni, anaongea Kikorea kwa sauti ya chini. Kwao saa imekaribia tisa usiku. Anakata simu.

“Baba anasema nilionekana vizuri kwenye televisheni.”

“Ulionekana. Dakika nzima.”

“Alipiga picha ya kioo. Namba yangu kwenye kibao.”

Akanipa jezi kwa mikono miwili, imekunjwa. Nikaipokea kwa mikono miwili. Jasho lipo leo, la zile mbio, na chini ya ukosi kuna alama ya wino mweusi wa kalamu nene. Wino ule hautoki kirahisi. Nikaipaka spiriti, nikaiacha pembeni.

Saa mbili na nusu usiku

Mashine ya mwisho inazunguka. Jumatatu mchana timu ya chini ya miaka 21 inacheza ugenini, na orodha yake nimeshaletewa. Dogo anaanza, winga ya kushoto. Mvua inatabiriwa tangu kesho. Nafungua begi la safari, naweka daluga zake za meno ya chuma chini kabisa, na juu yake jezi tatu badala ya mbili.