Nilivyoandika wasifu wa baba mkwe wangu, Mfilipino wa mashamba ya miwa

Ukoo wa mume wangu hapa Hawaii ulipoamua kwamba wasifu wa marehemu Tatang, yaani "Baba" kwa lugha yao, nitauandika mimi, sababu waliyonipa ilikuwa moja: "Ninyi Waafrika mnajua kuongea misibani." Sikubisha. Kilombero nilikozaliwa nimesikia wasifu za kila aina, na ile inayofanya waombolezaji watazame saa naijua. "Marehemu alikuwa mpole, mcheshi, mpenda watu." Nani aliwahi kuzikwa akiwa mchoyo?

Ushauri haukukosekana. Shemeji yangu mkubwa aliniletea fomu ya watu wa mazishi: tarehe ya kuzaliwa, elimu, kazi, watoto, mambo aliyopenda. Jaza, nusu saa umemaliza. Nikajaza, kwa heshima yake. Penye kazi yakatoka maneno mawili tu: "Mashamba, Waialua." Mtu kapigwa jua miaka arobaini! Tarehe ya kuzaliwa ndiyo usiseme. Cheti cha ubatizo kina yake, pasi ina yake, na mama mkwe anasema ya pasi ni ya uongo, mzee alijiongezea umri ili wasimwache.

Mwingine akasema niwarekodi wazee kwa simu. Nikamwendea mzee mmoja aliyekuja naye meli moja, wote humwita Manong. Alipoiona simu mezani akakaa wima, akafunga kifungo cha juu cha shati, akasafisha koo kama anayesubiri kusoma taarifa ya habari. "Alikuwa mtu mzuri." Kimya. "Mchapakazi sana." Kimya tena. Nikamuuliza walifika mwezi gani, akatazama dari. Nikamuuliza Tatang alioa mwaka gani, akaomba maji.

Kesho yake simu niliiacha nyumbani nikaenda na furushi la matawi ya mlonge. Wailokano wa hapa, yaani Wafilipino wenye asili ya Ilocos, wanauita marunggay, na wameupanda nyuani kila mahali. Kwetu tunausaga tukauita dawa. Wao ni mboga ya supu, wanaiunga kwa bagoong, samaki wa kuchachushwa ambaye harufu yake hubisha hodi kabla ya bakuli. Kuchambua vijani vile ni kazi isiyoisha, na ukiwakalisha wazee watatu wanne kuzunguka sinia moja, mikono ikishughulika midomo haifungiki. Nenda na matawi mengi. Yakiisha, na hadithi zimeisha.

Miaka sikuwauliza tena. Babu yangu mwenyewe hakujua mwaka aliozaliwa, alijua njaa iliyomtangulia na njaa iliyomfuata. Basi nikawauliza hivyo hivyo: ilikuwa kabla ya mgomo au baada? Kabla ya lile wimbi la bahari la Aprili 1946? Kabla Hawaii haijawa jimbo la Marekani, yaani 1959? Kabla kiwanda cha sukari cha Waialua hakijafungwa mwaka 1996?

Weee! Manong ndiye aliyekuwa hatamki neno jana? Akaanza na meli ya Maunawili, mwaka 1946, vijana wa Ilocos wakitapika kwa zamu. Wenye mashamba ya sukari waliwaleta wanaume wapatao 6,000 mwaka ule, lakini wengi walishajiunga na chama cha wafanyakazi, ILWU, wakiwa bado melini. Mgomo ulipoanza Septemba 1, wageni nao wakagoma. Ulidumu siku 79, na watu walilazimika kula. Kamati ikawagawa: hawa wakavue, hawa wakawinde, hawa wapike. Tatang akapangwa kuvua, akatapika ufukweni kabla mtumbwi haujaingia majini, akahamishiwa mboga. Mlonge wa mgomo, anaapa Manong, aliuchuma yeye.

Mama mkwe naye hakukubali kupitwa. Akaeleza Tatang alivyomposa kwa barua miaka ya sitini, barua ina picha ya kijana mwenye nywele za kupakwa mafuta. Alipotua Ilocos Norte kuoa, nywele zilishaanza kuota mvi. "Nikamuuliza mwanao yuko wapi." Wanawake walicheka mpaka sinia likapinduka. Kwa mshahara wa kumwagilia miwa alisomesha wadogo zake kule na watoto wake huku, na hilo kwenye fomu halina mstari.

Niliandika usiku, baada ya sala, maana desturi yao ni kumwombea marehemu usiku tisa, na kila usiku watu wanakula. Kuchapa vijitabu kulikula dola mia mbili na ushee, rambirambi zikafidia. Ukiandika, mpe mjane asome kwanza. Wangu alifuta mistari miwili na sababu hakunipa.

Kulikuwa na tatizo la majogoo. Tatang aliwapenda, na wote tunajua aliwafugia nini, ila kupiganisha jogoo hapa ni kosa kisheria na padri alikuwa mbele yangu. Nikasoma kwa sauti ya upole: "Marehemu alipenda ufugaji wa kuku." Kanisa zima likaangua kicheko, na padri ndiye aliyechelewa kunyamaza.

Tangu hapo naletewa misiba ya watu. Malipo ni bibingka, keki yao ya mchele, na miche ya mlonge, sina pa kuipanda tena. Shemeji mwenye fomu naye ametaka nimwandikie wake mapema, aupitie mwenyewe akiwa hai. Nimemwambia alete matawi, na majogoo wake nitawataja wote.