Nilivyogundua krediti 8 zimepungua nikiwa mwaka wa tatu wa kompyuta

Hii nawaandikia mnaosoma sayansi ya kompyuta, hasa mliopo mwaka wa kwanza na wa pili, mana mimi nilikuja kuyajua haya imebaki semista moja tu nimalize na hakuna mtu aliyewahi kunikalisha akanieleza.

Mi kwetu Tanga, Ngamiani, ila chuo nimesoma Dar. Miaka miwili na nusu yote nilikua naamini kumaliza digrii ni kufaulu mitihani basi, ukiona hujadisko, yani hujafukuzwa kwa kufeli, unasonga mbele. Likizo fupi ya mwaka wa tatu ikaangukia Ramadhani, nikashuka zangu Kange na begi na laptopu, usiku watu wakitoka tarawehe nakaa barazani kwa bibi napitia prospektasi, kile kitabu cha kozi na masharti ya chuo, kutafuta opsheni ya semista ya mwisho, ndo nikaukuta ukurasa wa masharti ya kuhitimu. Niliusoma kama mara tatu.

Digrii ya miaka mitatu kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inataka krediti 360, yani 120 kila mwaka, na krediti moja inahesabiwa masaa 10 ya kazi yako mwenyewe, sio kukaa lekcha tu, maabara imo, asaimenti zimo na kujisomea usiku kumo. Kozi ya krediti 12 ni masaa 120, na data stracha kwangu ilikula zaidi ya hapo. Alafu izo 360 haziokotwi popote. Kuna kozi za lazima, hesabu za diskriti, programing, databesi, oparetingi sistemu, netiweki, izo ukifeli unarudia hiyo hiyo mpaka ipite, na kuna za opsheni unazochagua mwenyewe.

Sasa mwaka wa pili kuna opsheni ya hesabu ya krediti 8 nilifeli, na sapu, yani mtihani wa marudio, nayo ikagoma. Mwenzangu akanambia opsheni haina shida, achana nayo. Ni kweli unaweza kuachana nayo, ila lazima uchukue nyingine badala yake, na hilo la pili hakuna aliyenambia wala mimi sikuuliza.

Nikachukua kauntabuku la mdogo wangu nikachora mistari: jina la kozi, krediti, gredi, lazima au opsheni. Mwaka wa kwanza 120. Wa pili 112. Wa tatu pamoja na nilizopanga kusajili, 120. Jumla 352. Nikarudia nikidhani nimeruka kozi, 352. Usiku ule daku sikula.

Kesho yake nikaendelea na vitu vingine nikakuta shimo la pili, fildi, yani mafunzo ya vitendo kazini. Sisi fildi ni wiki 8 kila mwisho wa mwaka na ina krediti zake, nami nilishazihesabu kwenye ile 112, kumbe ile ya mwaka wa pili nilifanyia ofisi moja hapa hapa Tanga na matokeo yake hayakuwemo kwenye akaunti yangu. Kufungua logibuku, lile daftari la kuandika kazi za fildi, kurasa mbili za mwisho hazina muhuri. Nikachukua baiskeli ya mjomba nikaenda pale ofisini, siku ya kwanza wakanambia mwenye muhuri kasafiri, ya pili hivo hivo, ya tatu nikakaa benchi toka asubuhi mpaka saa 8 mchana na swaumu yangu akatokea akagonga. Msiondoke fildi bila kugongewa kila ukurasa, nawaomba sana.

Za krediti 8 nilimwandikia mkuu wa idara, nikaanza na "shikamoo Dokta" alafu nikaweka jedwali langu lote kama lilivyo, na kumuomba nisajili opsheni moja ya ziada. Akajibu siku hiyo hiyo, kanambia wahi dirisha la kuongeza kozi mana wiki 2 za mwanzo zikipita mfumo unafunga, na semista itakua nzito. Ilikua nzito kweli, krediti 68 na projekti humo humo.

Projekti ndo nliyoipenda kuliko vyote. Nilikua natengeneza mfumo wa kurekodi bei za mnada wa samaki pale Deep Sea, nikaanza na aplikesheni nzuri ina picha za changu na nguru, nikampelekea mjomba anayeuza pale. Akaniangalia tu, "Mjomba, mkono una magamba huu, hiyo simu ntaishika saa ngapi?" Nikafumua karibu yote nikafanya ujumbe mfupi wa kawaida, aina ya samaki na bei basi, hata kitochi kinatuma. Paneli waliniuliza kwa nini haina muonekano wa kisasa, nikawaeleza la magamba, supavaiza akatikisa kichwa kukubali na maswali yakahamia kwenye databesi.

Na GPA, yani wastani wa gredi zako zote, nayo msiiache mpaka mwisho. A ni 5, B+ 4, B 3, C 2, unazidisha na krediti za kozi, unajumlisha, unagawa kwa krediti zote. Maana yake C ya kozi ya krediti 12 inakushusha kuliko C ya krediti 8, mimi nilikua nazipa zote uzito mmoja. Kupita kozi kunaanzia alama 40, na apa sekondi, yani daraja la pili la juu, inaanzia GPA 3.5. Sapu kwetu hata upate 80 unaandikiwa C.

Ile opsheni ya ziada nilipata B. Matokeo yalipotoka nikajumlisha tena kwenye lile lile kauntabuku, 360 kamili, GPA 3.6. Nikampigia mama, akauliza, "Kwa hiyo sasa imeisha mwanangu?" Nikamwambia bado mama, kuna klirensi, kusainiwa kwamba sidaiwi kitu, maktaba, hosteli na idara, zimebaki saini tatu.