Maporomoko ya Karura: jinsi nilivyorudisha nyuzi za maji pichani

Masika, maporomoko ya Msitu wa Karura, Nairobi, yakijaa, picha zilitoka na bonge jeupe badala ya maji. Kamera hupima giza la miti, kisha huunguza povu. Nilishusha mwangaza kwa stopu moja, yaani hadi nusu, nikafunga polaraiza, kichujio cha mbele ya lenzi kinachokata mng'ao. Hiyo hula mwanga wa stopu moja na nusu hivi. Izungushe taratibu hadi mng'ao wa majani mabichi ukatike na kijani kikolee. Kamera juu ya tripodi, ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/11, shata (pazia la kuingiza mwanga) wazi robo sekunde. Sekunde mbili hugeuza maji kuwa moshi, mtindo uliochosha. Piga kukiwa na mawingu, upepo ukitulia. Manyunyu yakigusa lenzi, futa kwa kitambaa kikavu kabla ya kila picha.