Maturubai matatu juu ya mbao zilezile

Nilivuta kona ya turubai nichungulie mbao, kona ikabaki mkononi. Haikutoa ile sauti ya nguo inayochanika. Ilimeguka tu kama jani kavu, vidole vikabaki na unga wa bluu. Nikashika upande wa pili, nao ukameguka. Turubai lenyewe lilikuwa na miezi saba tangu nilinunue.

Chini yake kulikuwa na mbao za kenchi, za kubebea paa, za nyumba iliyokuwa imesimama kwenye linta, pale juu ya milango na madirisha. Anayejenga kwa mfuko wake mwenyewe anaijua hali hii: ukipata fedha unanunua kifaa, kifaa kinakaa kikikusubiri upate fedha nyingine. Mimi nilipiga hesabu kuwa mbao zitangoja mwaka mmoja. Zilingoja karibu minne, na humo katikati nikapitia maturubai matatu.

La kwanza nililinunua kizembe. Dukani niliuliza swali moja tu: "Halivuji hili?" Muuzaji akalikunja katikati kama bakuli, akamimina maji, yakakaa bila hata tone kupita, tukamalizana. Baadaye ndipo nilipoona jinsi mtihani ule ulivyokuwa wa bure. Turubai lolote jipya linaufaulu. Hata mfuko wa plastiki unaufaulu.

Nilichukua kile kipande kilichomeguka nikakitazama karibu. Haya maturubai mepesi ya bluu kwa kweli ni mkeka: vitepe vyembamba vya polithini vimefumwa kimoja juu kimoja chini, kisha pande zote mbili zikapakwa utando wa polithini. Mkeka ndio unaobeba mvuto, utando ndio unaozuia maji. Kwenye kipande changu utando ulikuwa umebanduka kama magamba, na vitepe vimesimama wazi, vikavu, vinakatika ukivikunja. Upande uliokuwa umefunikwa na pindo ulikuwa bado laini na una rangi yake ya dukani. Yaani mvua ilifika pote, lakini palipokufa ni pale jua lilipofika.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Miale ya urujuanimno, ile sehemu ya mwanga wa jua tusiyoiona, hukata minyororo ya molekuli za plastiki. Kila siku inakata kidogo, na plastiki inazidi kukakamaa hadi inapasuka. Watengenezaji wanalijua hilo, kwa hiyo huchanganya kinga ya miale ndani ya plastiki ikiwa bado imeyeyuka. Kwenye maturubai ya bei ya chini kinga hiyo huwa haba. Weusi wa masizi ni kinga mojawapo nzuri, kwa sababu masizi humeza miale kabla haijazama ndani. Ndiyo maana mabomba ya maji ya polithini huwa meusi. Nilikuwa nayapita kila siku na sikuwahi kujiuliza.

Vile vipande vya bluu niliviokota kwa wiki kadhaa. Vingine viliingia kwenye udongo na najua bado vimo.

Turubai la pili lilikuwa la pamba, zito, lililotiwa nta, mtu aliniuzia baada ya kuachana na hema lake kubwa. Nililipenda, na bado naamini kitambaa cha pamba kina sifa moja ambayo plastiki haina: kinapumua. Nyuzi zikilowa huvimba na kuziba matundu, maji hayapiti, lakini mvuke wa ndani unapata njia. Tatizo ni kwamba likilowa linakuwa zito kupita kiasi, na mahali popote lisipokauka vizuri linaoza. Langu liligusa ardhi upande mmoja. Msimu mmoja wa mvua ulitosha: madoa meusi ya kuvu, harufu ya kabati lililofungwa, kisha kidole kikapenya. Ukiwa na nafasi ya kulianika mara kwa mara na kulipaka nta upya, litakufaa. Mimi nilikuwa naitembelea mbao yangu mara moja kwa mwezi.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja dereva wa lori niliyemkuta kwenye maegesho akikaza kamba za mzigo. Nilimwamkia, nikamuuliza turubai lake lina umri gani. Akacheka. "Hili? Hili lina mwaka wa sita, kijana wangu. Na limekula jua kila siku ya Mungu." Nikamwambia langu lilikufa kwa miezi saba likiwa limekaa tu juu ya mbao. Akaniuliza nililifunga vipi. Nikamweleza: kamba kwenye kona nne na jiwe hapa na pale.

"Basi lilikuwa linapepea."

Nikasema ndiyo, upepo ukija lilikuwa linapiga piga.

"Mvua haiui turubai," akasema. "Linauawa na kupepea. Mimi natembea nalo kasi ya themanini na halipepei. Shika hapa." Nikashika. Lilikuwa limekaza kama ngozi ya ngoma. Akanionyesha pindo lake: limekunjwa mara mbili, na ndani ya pindo imepita kamba nzima kuzunguka turubai lote, ili ukivuta pete moja ya kufungia kamba mvuto usambae kwenye kamba badala ya kuishia kwenye kitambaa. Pete zake zilikuwa za shaba, nene, kila baada ya nusu mita hivi. Pete za lile langu la bluu zilikuwa za alumini, laini kiasi cha kupinda kwa vidole, na zilikaa mbalimbali, mita nzima kati ya moja na nyingine.

Nilipokwenda kununua la tatu, nilikwenda na mizani ya kupimia mabegi, ile ya kuning'iniza. Wauzaji walinishangaa, lakini nakwambia hakuna chombo kilichonisaidia kuliko hicho. Kila duka lina turubai "zito", "la kazi ngumu", "lisilopitisha maji", na maneno hayo hayapimiki. Uzito unapimika. Turubai la mita 4 kwa 6 lina mita za mraba 24. La kwanza waliloniapia kuwa ni zito lilisoma kilo 2.5. Gawanya: gramu 104 kwa mita ya mraba. Hilo ni la kufunikia saruji kwa siku mbili tatu, na kwa kazi hiyo sina ugomvi nalo. Lililofuata, la kitambaa cha poliesta kilichopakwa plastiki ya PVC, aina wanayoshonea malori, lilisoma kilo 15 na nusu, karibu gramu 645 kwa mita ya mraba. Ya malori mengi huangukia kati ya gramu 500 na 700. Kati ya hayo mawili kuna maturubai ya polithini nene yenye gramu 200 na zaidi, yaliyofumwa kwa kubana, na kama kifuniko chako ni cha mwaka mmoja au miwili na lina kinga ya jua, ningekwambia uchukue hilo na fedha inayobaki ufanyie jambo lingine.

Baada ya mizani nililiinua juu nikatazama taa kupitia kwake. Likionyesha vitundu kama nyota, rudisha. Nikakwaruza utando kwa kucha kwenye kona. Ukibanduka hapohapo dukani, jua litaubandua upesi zaidi. Nikaangalia maungio. Turubai pana huunganishwa kutoka vipande viwili au vitatu, na maungio yaliyochomelewa kwa joto ni afadhali kuliko yaliyoshonwa, kwa kuwa kila tundu la sindano ni mlango wa maji.

Kitu kimoja kilinipita pamoja na ujanja wangu wote. Vipimo vilivyoandikwa kwenye lebo vilikuwa vya kitambaa kabla ya kukunjwa pindo. Nilipolitandaza nyumbani lilipungua karibu sentimita 15 kila upande wa urefu na upana, na kwa namna nilivyopanga mbao, sentimita hizo nilizihitaji. Uliza kabla: vipimo hivi ni vya kabla au baada ya pindo?

Basi nikawa na turubai la maana. Nikalifunga vizuri, nikalivuta hadi chini pande zote, nikakandamiza kwa matofali. Mbao zikavikwa sanda. Nililala usingizi mzuri sana siku hiyo.

Baada ya wiki tatu nikafunua. Upande wa ndani wa turubai ulikuwa umejaa matone, yamejipanga kama jasho kwenye paji la uso, na mbao za juu zilikuwa na ukungu mweupe. Nikadhani limevuja. Nikatafuta tundu nusu siku nzima. Halikuwepo. Mbao zenyewe zilikuwa na unyevu, ardhi ilikuwa na unyevu, jua la mchana linaugeuza mvuke, usiku turubai linapoa na mvuke unarudi kuwa maji hapo na kudondoka. Nililolipata ni turubai lisilopitisha maji kwa pande zote mbili, na nilikuwa nimelitumia kuyafungia maji ndani.

Nilibomoa kila kitu nikaanza upya, na kazi ya siku hiyo naihesabu kuwa na faida kuliko turubai lenyewe. Mbao nilizipandisha juu ya matofali, sentimita 30 kutoka ardhini. Kati ya safu na safu nikaweka vipande vyembamba ili hewa ipite. Juu, kwa urefu wa rundo, nikalaza mti wa katikati kama uti wa paa, turubai likaukalia na kushuka pande mbili. Pande hizo sikuzifikisha chini. Niliziacha zining'inie kidogo tu kupita mbao za juu, ili mvua ya kawaida isiingie na upepo upite chini. Watu walioona walidhani turubai limenipungukia.

Mteremko nao nilijifunza kwa kulazimishwa. Mwanzo niliuweka ule mti chini mno, turubai likawa karibu tambarare. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, na lita moja ni kilo moja. Asubuhi baada ya mvua ya usiku nilikuta dimbwi la kama mita 1 kwa 2, kina chake kiganja. Hizo ni kilo 200 zimeketi juu ya turubai, na pete mbili za upande ule zilikuwa zimevutwa mpaka zikawa na umbo la yai. Nilisukuma maji kwa mgongo wa ufagio nikaloa chapachapa. Nikaupandisha mti mpaka ukimwaga kikombe cha maji juu yanakimbia bila kusita.

Kuhusu kufunga, nilifuata neno la yule mzee. Nilikata mpira wa ndani wa tairi kuwa pete za upana wa vidole viwili, kila kamba ikapitia kwenye pete hiyo ya mpira kabla ya kufika kwenye pete ya turubai. Upepo ukivuta, mpira unakubali kisha unarudisha, turubai linabaki limekaza. Kila mahali turubai lilipogusa kona ya ubao nilivika kona hiyo kipande kingine cha mpira. Kona ikisugua sehemu ileile miezi sita, hakuna gramu zitakazokuokoa.

Likachanika mara moja tu, tawi lilipoangukia. Hapa PVC ilinifurahisha, maana inakubali kiraka. Nilipangusa kwa spiriti, nikakwaruza kwa msasa laini, nikapaka gundi ya PVC pande zote mbili, nikasubiri ishike kidogo, nikabandika kiraka nilichokikata kona zake mviringo ili zisianze kunyanyuka, halafu nikakandamiza kwa kuviringisha chupa juu yake. Hakijabanduka hadi leo. Lile la polithini nililijaribu enzi zake kwa gundi tatu tofauti. Kesho yake kila kiraka kilibanduka chote kama ngozi ya kitunguu, kwa sababu polithini haishikamani na gundi za kawaida. Tepu maalumu ndiyo inayosaidia, na kwa muda.

Siku fundi wa kupaua alipofika tulifungua kamba pamoja. Alichukua ubao wa chini kabisa, akautazama kwa jicho moja kuona kama umepinda, akaugonga kwa nyundo, akauweka upande wa zinazofaa. Katika rundo zima alitupa mbao tano, na tatu kati ya hizo ni zile zilizoota ukungu kipindi cha sanda. Kisha akageukia turubai, akalipapasa pindo.

"Na hili, bosi, ukishapaua utalifanyia nini? Niachie mimi."

Nilimwambia hapana. Nililifuta, nikaliacha likauke, nikaliviringisha kwenye ule mti wa katikati badala ya kulikunja, maana mikunjo ndiyo inayoanza kupasuka. Sasa limelala juu ya dari, chini ya mabati ambayo lenyewe lilifanya kazi yao kwa karibu miaka mitatu.